Sura ya Saba: Ini, Kidonge na Mawingu ya Bondwa

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dar es Salaam, kabla hujafika Kingolwira, unapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tungi. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa katani, na vizazi kadhaa vya watu wa Morogoro, Kimamba na Kilosa vikaishi kwa kukata majani na kuyalisha kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na jani.

Katani inayotoka kwenye jani ni sehemu ndogo sana, kama asilimia 4 ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza walitambua kwamba ndani ya maji hayo machungu mna kitu cha thamani kinachoitwa hekojenini. Kampuni ya Glaxo ikanunua hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki na kuigeuza, hatua kwa hatua, kuwa dawa za jamii ya kotisoni. Dunia nzima ilikuwa ikiitafuta kotisoni wakati huo. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Daktari Philip Hench alimdunga dawa hiyo mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na baada ya siku chache mwanamke yule akatembea. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kotisoni ni ndugu wa estrojeni, homoni ya kike. Zote zimejengwa juu ya umbo moja la kikemia, na mwili wa binadamu huzitengeneza zote kutokana na kolesteroli. Dawa za jamii ya kotisoni huzima mchochota, yaani ile hali ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma unapopambana na jeraha au ugonjwa. Kwa hiyo wanasayansi walikuwa na sababu nzuri ya kuuliza: je, mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye estrojeni yake imeshuka, akirudishiwa homoni hiyo kwa dawa, mchochota mwilini mwake utapungua? Jibu lililopatikana liliwashangaza wengi, na bado linawababaisha wanawake na hata baadhi ya wahudumu wa afya. Sura hii ni ya jibu hilo.

Umri wa kushika nyumba

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Katika milima ya Uluguru huo ndio umri ambao mwanamke anabeba mengi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya ukoo hupita huko huko. Mama wa miaka 52 wa Kinole au Matombo ana shamba la migomba na viungo mlimani, ana wajukuu waliolala nyumbani kwake, na akiwapo kwenye kikao cha ukoo neno lake lina uzito. Binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na kuchezewa ngoma. Hedhi ya mwisho haina kikao wala ngoma. Mwanamke anaipokea peke yake, na maarifa yanayohusu mwili wake mpya mara nyingi huyapata kwa kunong'onezana na wenzake sokoni au kisimani.

Mwili huo mpya una mambo yake. Ovari zikipunguza kazi, estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu kuliko zote, hushuka sana. Wapo wanaoona tofauti ndogo tu. Wapo wanaoamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, moyo unadunda, uso unawaka kama waliokaa mbele ya tanuri. Usingizi unakatika. Uke unakauka, tendo la ndoa linauma, na wengi hawalisemi hilo hata kwa dada wa damu. Viungo vinauma asubuhi, na mama anadhani ni kazi ya jembe tu.

Ndani zaidi kuna mabadiliko yasiyosikika. Estrojeni huzuia kwa kiasi fulani chembe za kinga zisimwage ovyo kemikali zinazoamsha mchochota. Mbili kati ya hizo hutajwa sana: interlukini-6 na TNF. Homoni ikiondoka, kemikali hizi huelekea kupanda, si kwa kishindo, bali kidogo kidogo na kwa muda mrefu. Kwenye mifupa huzichochea chembe zinazomega mfupa zifanye kazi kuliko zile zinazojenga, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyonga za akina bibi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Mafuta nayo huhama: yaliyokuwa mapajani na makalioni hujikusanya tumboni, kuzunguka matumbo, na mafuta ya hapo yenyewe hutoa interlukini-6. Kwenye mishipa ya damu mchochota huu wa chini chini husaidia utando wa mafuta kujijenga na baadaye kupasuka. Ndiyo maana magonjwa ya moyo, ambayo kwa mwanamke kijana ni nadra, huongezeka anapovuka umri huu.

Kwa hesabu hiyo, kurudisha homoni kungeonekana ni kurudisha ulinzi. Na kwa miongo kadhaa madaktari wa Marekani waliamini hivyo. Kidonge cha Premarin, kilichotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, kiliruhusiwa huko mwaka 1942, na kufikia miaka ya 1990 mamilioni ya wanawake walikuwa wakimeza homoni kila siku, wengine kwa ajili ya joto la mwili, wengine wakiambiwa wanalinda moyo.

Protini iliyopanda badala ya kushuka

Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kitu katika damu hiyo kinachonasa sukari fulani, waliyoiita C, ya bakteria wanaoleta ugonjwa huo. Mgonjwa akipona, kitu hicho kinatoweka. Leo maabara zetu hukiita CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini. Chembe za kinga zikiona hatari hutoa interlukini-6, interlukini-6 husafiri hadi kwenye ini, na ini huanza kumwaga CRP. Katika maambukizi makali inaweza kupanda mara 1,000. Hatari ikiisha, nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka kwa muda wa saa 19 hivi.

Miaka ya 1990 vilipatikana vipimo vyenye uwezo wa kuona hata CRP ndogo sana, na watafiti wakaona kwamba watu wenye afya ambao CRP yao imekaa juu kidogo muda wote hupata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wengine. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliweka mipaka: chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3, wastani, zaidi ya 3, kubwa. Ikizidi 10, mtu atafutwe maambukizi kwanza, kisha arudie kipimo akishapona.

Sasa homoni. Majaribio yaliyoitwa PEPI yalihusisha wanawake 875 wa Marekani waliokoma hedhi, wengine wakipewa homoni za aina mbalimbali kwa kumeza na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miaka 3. Mwaka 1999 watafiti walitoa matokeo ya damu ya 365 kati yao. CRP ya waliomeza homoni ilipanda kwa asilimia 85. Mwaka huo huo timu ya Paul Ridker wa Boston ilipima wanawake 493 wenye afya na kukuta kwamba CRP ya kati ya watumiaji wa homoni ni mara mbili ya wasiotumia.

Hapo ndipo wengi walipostuka. Dawa iliyotarajiwa kuzima mchochota ilionekana kuuwasha. Lakini soma matokeo hayo ya PEPI mpaka mwisho. Katika damu ile ile, ya wanawake wale wale, kiashiria kingine cha mchochota kiitwacho E-selektini, ambacho hutoka kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 18. Kiashiria kimoja juu, kingine chini. Kama mwili ungekuwa umewaka mchochota kweli, E-selektini ingepanda pamoja na CRP.

Ufunguo wa fumbo hili ni ini. Kila kinachomezwa hufyonzwa na utumbo na kupelekwa kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Kidonge cha estrojeni hulifikia ini kikiwa na nguvu nyingi kuliko homoni ambayo ovari zilikuwa zikiitoa kidogo kidogo moja kwa moja kwenye damu. Ini likikutana na wingi huo huamka na kutengeneza protini nyingi: CRP, protini zinazobeba homoni, na protini zinazogandisha damu. Halijaamriwa na interlukini-6. Limeamriwa na kidonge chenyewe.

Jaribio dogo lakini zuri lilifanyika Texas na kuchapishwa mwaka 2003. Wanawake 21 waliokoma hedhi walipewa, kwa zamu, estrojeni ya kumeza, estrojeni ya kubandika ngozini, na dawa bandia, kila moja kwa wiki 8. Kila mwanamke alilinganishwa na nafsi yake. Walipomeza, CRP ilipanda zaidi ya mara mbili. Walipobandika, haikubadilika. Na katika hali zote interlukini-6 na TNF, wale wapelekaji halisi wa habari za hatari, hazikupanda. Homoni za jamii moja, mwanamke yule yule, njia tofauti. Na karatasi ya maabara ikasema mambo tofauti kabisa. Kwangu mimi jaribio hili la watu 21 lina mwanga kuliko takwimu nyingi za maelfu, kwa sababu linaonyesha mahali penyewe ambapo jambo linatokea.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkazi wa Morogoro mjini anajua kuwa mawingu yakifunika kilele cha Bondwa, mvua yake mara nyingi inashuka upande wa mashariki, Kinole na Matombo, huku mjini vumbi likitimka. CRP iliyopandishwa na kidonge ni wingu la namna hiyo. Lipo, linaonekana, lakini halikutuambia kwamba mchochota umewaka mwilini.

Utafiti wa urithi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya watu wengi kutoka nchi mbalimbali, ulikwenda mbali zaidi: watu waliozaliwa na jeni zinazowapa CRP ya juu maisha yao yote hawakuonekana kuugua moyo kuliko wengine. CRP ni shahidi wa hatari, si mtenda.

Lakini kidonge hakikuachiwa huru

Hapa naomba msomaji asikimbilie kushangilia. Kusema CRP ya kidonge si mchochota halisi si sawa na kusema kidonge hakina madhara. Ini lililoamshwa lilitengeneza pia protini za kugandisha damu, na hizo hazibaki kwenye karatasi ya maabara.

Mwaka 2002 majaribio makubwa ya Marekani yaitwayo Women's Health Initiative yalisimamishwa kabla ya wakati wake. Wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 walikuwa wamegawanywa, wengine wakimeza estrojeni ya farasi pamoja na projestini, dawa inayoiga homoni ya projesteroni, wengine dawa bandia, kwa wastani wa miaka 5.2. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza homoni kwa mwaka mmoja, walipatikana wagonjwa 7 zaidi wa moyo, 8 zaidi wa kiharusi, 8 zaidi wa damu kuganda kwenye mapafu, na 8 zaidi wa saratani ya matiti. Upande wa pili walipungua 6 wa saratani ya utumbo mpana na 5 waliovunjika nyonga. Habari hiyo ilizunguka dunia kwa siku chache, na wanawake wengi wakatupa vidonge bila hata kuuliza.

Wastani wa umri katika majaribio yale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wameishi muda mrefu bila estrojeni, na mishipa yao ilikuwa tayari na utando. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba anayeanza homoni kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, ana hesabu tofauti na bora kuliko anayeanza akiwa na miaka 70. Mwaka 2017, baada ya wanawake wale kufuatiliwa kwa takriban miaka 18, ilionekana kuwa waliomeza homoni hawakufa zaidi ya wasiomeza.

Watafiti wa mradi huo huo walipopima CRP na interlukini-6 za wanawake kabla hawajaugua, waligundua jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha ushauri. Watumiaji wa homoni walikuwa na CRP ya juu, lakini interlukini-6 yao haikuwa juu. Na kilichotabiri ugonjwa wa moyo kilikuwa hasa kiwango cha viashiria vyenyewe, zaidi ya swali la kama mwanamke anatumia homoni au la.

Kuhusu damu kuganda, Wafaransa ndio waliolitazama jambo kwa makini zaidi, kwa sababu kwao homoni ya ngozini ilikuwa ya kawaida. Katika utafiti wao uitwao ESTHER, matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba wanaomeza estrojeni walikuwa katika hatari ya kuganda damu mara 4 hivi ya wasiotumia. Wanaoibandika au kuipaka walikuwa sawa na wasiotumia. Njia inayolipita ini pembeni haikupandisha CRP, na haikuonekana kugandisha damu. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja.

CRP ya Boston na CRP ya Mvomero

Majaribio ya PEPI na ya Women's Health Initiative yote yalifanyika Marekani, kwa wanawake wasiolala kwenye chandarua. Mipaka ya 1, 3 na 10 iliwekwa kwa ajili ya watu ambao malaria kwao ni habari ya safari. Tunaposhika karatasi ya maabara Morogoro lazima tukumbuke hilo.

Malaria hupandisha CRP sana, mara nyingi hadi kupita 100. Nimonia, TB, jino bovu, kidonda cha mguu, maambukizi ya njia ya mkojo ambayo baada ya hedhi kukoma huwa ya mara kwa mara, yote huipandisha. Mama anayeishi bondeni, Mvomero au Kilosa, ambako mbu ni wengi, hana damu sawa na ya mwenzake wa Mgeta kwenye baridi ya juu. Kupika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha nako kumehusishwa na mchochota. Kwa upande mwingine, mwanamke anayepanda na kushuka mlima kila siku na mzigo kichwani, akila ndizi, maharage na mboga, akiwa na kiuno chembamba, anaweza kuwa na mchochota mdogo kuliko mfanyakazi wa ofisini mjini mwenye umri kama wake aliyenenepa tumbo. Nasema anaweza, damu yake ndiyo ya kuulizwa.

Fikiria basi nesi kijana anamwita mama mmoja kutoka benchi la kusubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Majibu yametoka. CRP yako iko juu."

Mama anarudi nyumbani na neno hilo, haelewi kama ni moyo, ni saratani, au ni ule uzee anaoambiwa. Kama anameza homoni, ataacha. Kama hatumii, atanunua chochote atakachouziwa. Maswali matatu yangebadilisha kila kitu: mama, umeumwa homa wiki hizi mbili? Una kidonda, kikohozi au maumivu ya mkojo? Kuna dawa yoyote unayomeza, ya homoni au nyingine? Kipimo hiki kimoja, bila maswali hayo, hakistahili kumtisha mtu wala kumfariji.

Maswali ya dawa yana uzito wa pekee kwetu. Projestini iliyotumika kwenye majaribio ya mwaka 2002 inaitwa medroksiprojesteroni, na ni kemikali ile ile iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango ambayo maelfu ya wanawake wa Morogoro wameichoma ujanani. Isichanganywe: sindano ile ina projestini peke yake, haina estrojeni, na dozi yake na kusudi lake ni vingine. Hofu ya habari za mwaka 2002 haihamishiki kwenda kwenye sindano hivi hivi. Kisha kuna dawa zinazoingiliana. Rifampisini, inayotumika kutibu TB, hulifanya ini liivunjevunje estrojeni haraka, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, kama efavirenzi, hubadilisha kiwango cha homoni mwilini. Wanawake wanaoishi na VVU sasa wanazeeka, na huo ni ushindi mkubwa. Lakini VVU vyenyewe huacha mchochota wa chini chini hata virusi vinapodhibitiwa. Kwa hiyo komahedhi yao inahitaji kliniki inayoangalia yote mawili kwa pamoja, badala ya kumtuma mama dirisha hili na lile.

Linalonisumbua zaidi ni kelele za biashara. Kwenye mabasi, redioni na kwenye vibanda vya stendi ya Msamvu utauziwa chupa na unga wa "kusawazisha homoni" na "kusafisha sumu". Muuzaji hajui ini lako, hajui shinikizo lako la damu, hajui kama mama yako mzazi alikuwa na saratani ya matiti. Mwanamke aliyenyamazishwa na aibu ndiye mteja wake mkuu. Anayetaka kumlinda asimcheke. Ampe mahali pa kuuliza bila haya.

La kumuuliza daktari

Homoni bado ni tiba bora kuliko zote kwa joto kali la mwili, kutokwa jasho na kukosa usingizi kunakotokana na komahedhi, na hulinda mifupa. Haitolewi kwa kusudi la kushusha CRP wala kulinda moyo. Haifai kwa aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ugonjwa wa moyo, kwa mwenye ugonjwa mkali wa ini, wala kwa anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Kwetu hilo la ini si la kupita haraka, maana homa ya ini aina B imeenea miongoni mwetu na wengi hawajapima. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima iambatane na projesteroni ili kulinda ukuta wa mfuko huo usigeuke saratani. Aliye na ukavu wa uke tu anaweza kutosheka na krimu ya dozi ndogo ya kupaka ndani, ambayo karibu yote hubaki hapo hapo.

Mwenye uzito mkubwa, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au mwenye historia ya kuganda damu katika familia ana sababu ya nguvu ya kuuliza kuhusu njia ya ngozi badala ya kidonge. Plasta na jeli ni ghali zaidi na ni adimu nje ya miji mikubwa. Hiyo ni hoja ya kuzidai. Isiwe sababu ya kuzisahau. Zimo katika tiba ya kawaida ya wanawake wa Ulaya kwa miongo kadhaa, na hatari zake ni ndogo kuliko za kidonge ambacho ndicho rahisi kupatikana.

Mkoa huu una Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi katika bonde la Kilombero, na damu iliyochukuliwa huko imesaidia dunia kuelewa malaria na kupima chanjo na vyandarua. Mkoa huu una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na hospitali ya rufaa chini ya mlima. Wana maabara, wana watu, na wana wanawake wanaoishi mita 500 kutoka usawa wa bahari na wengine juu ya mita 1,500, wenye malaria na wasio nayo, wanene na wembamba, wa jembe na wa ofisini. Nawaomba watafiti wetu wapime CRP na interlukini-6 za wanawake hawa waliokoma hedhi, watupe mipaka inayotuhusu, na wapime pia tofauti ya kidonge na plasta kwenye miili iliyozoea kupambana na vijidudu kila msimu wa mvua. Nawe mama, au binti unayemsomea mama sura hii, siku mkienda kliniki na karatasi ya CRP mkononi, kaeni mpaka mpate jibu la swali moja: imepanda kwa sababu gani?